MFUNGO WETU UNAMLISHA NANI?

Wahenga walinena kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mimi, baada ya kuyatazama mambo ya shuleni na ya nyumbani hapa Zombe, nimeona niiongezee methali hiyo mkia: hata mwenye kufunga, asipojihadhari, aweza kumsahau mwenye njaa. Najua wapo watakaosema, "Huyu naye ameanza kumfundisha Padre kazi." La hasha! Mimi ni Mkatoliki, ni mwanachama wa YCS, na msalaba wa Njia ya Msalaba nimeubeba mara nyingi tangu nikiwa shule ya msingi. Ninayoyasema nayasema nikiwa ndani ya nyumba, sichungulii dirishani.

Hebu nianze na jambo ambalo wengi wenu mlilishuhudia kwa macho yenu wenyewe.

Mwaka wa 2025 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 5 Machi. Tulipanga foleni, tukapakwa majivu yaliyotokana na matawi ya mwaka uliotangulia, tukakumbushwa kwamba sisi ni mavumbi. Jioni ile ile chama chetu kilikutana na kupitisha azimio: kila Ijumaa ya Kwaresima, kila anayejiweza asile chakula cha mchana. Hakuna aliyepinga. Makofi yalilia pa! pa! pa! Hata mimi nilipiga, tena ni mimi niliyeunga mkono hoja hiyo.

Basi ikafika Ijumaa ya kwanza. Kengele ya saa saba ikagongwa. Siku hiyo kulikuwa na muthokoi na maharagwe. Wapishi hawakuwa wameambiwa lolote, kwa hivyo walipika chakula cha watu wote kama ilivyo ada. Sisi tuliofunga tulielekea kusali Rozari, na ili tufike huko, tulipita mbele ya bwalo la maakuli polepole, kwa maringo, ili kila mtu atuone tulivyo watakatifu. Chakula chetu kilibaki ndani ya sufuria. Joto la mwezi wa Machi hapa kwetu mnalijua. Kufikia jioni kilikuwa kimechacha, na kikamwagwa ndani ya pipa la makombo ya nguruwe.

Sasa sikilizeni. Saa hiyo hiyo ya saa saba, nyuma ya darasa moja, walikuwa wameketi wenzetu kadhaa wa kutwa ambao pesa zao za chakula hazikuwa zimelipwa. Walikuwa wamejipumzisha kivulini, wakinywa maji na kungoja kengele ya saa nane. Nilipopita na rozari yangu mkononi, mmoja aliniuliza, "Nyinyi leo mko na mfungo?" Nikamjibu kwa kujivuna kwamba ndiyo. Akasema, "Hata sisi tuko nao. Ni vile tu sisi hatukupiga kura."

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka. Nilisali Rozari yote siku ile lakini sikumbuki fumbo hata moja nililotafakari, kwa maana maneno yale yalikuwa yananizunguka kichwani kama nzi. Jioni nilipoona lile pipa, nilipiga hesabu na jibu likanitia haya: katika Ijumaa ile ya kwanza ya Kwaresima, waliofaidika na mfungo wetu ni nguruwe.

Ndugu msomaji, usinielewe vibaya. Sisemi kwamba kufunga ni upuuzi. Nasema kwamba tumeshika ganda tukatupa kokwa.

Kwanza tuitazame sheria yenyewe, maana wengi wetu twaisema bila kuijua. Kanuni ya 1252 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka wa 1983 yasema kwamba sharti la kutokula nyama humshika yeyote aliyetimiza miaka 14, na sharti la kufunga humshika mtu mzima, yaani kuanzia miaka 18 hadi anapoingia mwaka wa 60. Siku za lazima za kufunga ni mbili tu: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Maana yake ni kwamba wengi wetu tulio hapa shuleni hatulazimishwi kufunga chakula. Tunalazimika kuacha nyama siku za Ijumaa. Nyama! Jamani, tuambiane ukweli. Ni nani kati yetu aliyepata kuona nyama hapa shuleni siku ya Ijumaa? Mtu anayekula muthokoi Jumatatu na githeri Jumanne, akitangaza kwamba Ijumaa ameacha nyama kwa ajili ya Bwana, ni kama kipara anayetangaza kwamba mwezi huu hatanyoa.

Ndiyo maana nasema kwamba Kwaresima ya Zombe haiwezi kuwa nakala ya Kwaresima ya mtu wa mjini mwenye friji. Mahali ambapo njaa huja bila kualikwa, mtu hawezi kuichezea njaa kama pambo la dini. Lazima ajiulize: chakula nilichokiacha kimeenda wapi?

Swali hilo lilianza kunisumbua kabla sijafika shule hii. Ngoja niwasimulie, ingawa kisa chenyewe hakinipi sifa.

Mwaka wa 2022 nilikuwa nimemaliza darasa la saba na tulikuwa nyumbani kwa likizo. Ukame ulikuwa umetukaba koo. Rais Uhuru Kenyatta alikuwa ameutangaza kuwa janga la kitaifa tarehe 8 Septemba 2021, na hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikuwa imetupita mfululizo. Mto Thua ulikuwa barabara ya mchanga. Watu walichimba mashimo mchangani, wakashuka ndani na kata, wakateka maji kidogo kidogo kadiri yalivyochuruzika. Mtungi mmoja wa lita 20 ulimchosha mtu. Kwa desturi, mitungi ndiyo iliyopanga foleni huku wenyewe wakiketi kivulini, na hakuna aliyegusa mtungi wa mwenzake.

Ijumaa moja ya Kwaresima nilifika pale shimoni na punda wetu. Katekista alikuwa amenichagua kuubeba msalaba saa tisa alasiri kigangoni, na kwangu hiyo ilikuwa heshima kubwa. Foleni ilikuwa ndefu. Jua lilikuwa linakwenda. Nikaangalia huku, nikaangalia kule, nikaichukua mitungi yangu na kuiweka mbele ya mtungi mmoja mkuukuu uliozibwa kwa gunzi. Mwenyewe alikuwa ajuza mmoja wa kijijini kwetu, mjane, ambaye sisi sote tulimwita susu. Aliniona.

"Mjukuu wangu," akasema, "mtungi wangu ndio uliokuwa mbele."

"Susu, mimi naharakisha kanisani," nikamjibu. "Leo ni Njia ya Msalaba."

Alinitazama kidogo. Kisha akasema, "Haya. Nenda basi, utuombee na sisi tulio kwenye foleni."

Nilijaza mitungi yangu. Nilipomaliza, chini ya shimo palibaki tope tupu, na ilibidi wengine wangoje maji yachuruzike tena. Nilifika kigangoni kwa wakati. Niliubeba msalaba. Tulipofika kituo cha 5, pale Simoni Mkirene anapomsaidia Yesu kuubeba msalaba, niliinua sauti kuliko wote. Tulikuwa kituo cha 12 wakati susu alipoingia, mgongoni ana mtungi wake, ukanda umemkaza kwenye paji la uso. Aliutua karibu na mlango, akapiga magoti palepale nyuma. Mtungi haukuwa umejaa hata nusu.

Mimi nilibeba mti uliopigwa randa na kupakwa rangi, yeye alibeba maji. Hapo sina haja ya kueleza zaidi.

Kesho yake asubuhi nilimpelekea susu mitungi miwili. Nilidhani atanibariki. Aliipokea, akanishukuru, halafu akaniambia maneno ambayo sijayasahau hadi leo: "Asante. Lakini siku nyingine usiniletee maji. Siku nyingine uuache mtungi wangu mahali nilipouweka."

Wasomaji wenzangu, mafungo na mahubiri nimehudhuria mengi, lakini Kwaresima yangu yote imo ndani ya maneno hayo. Kabla ya kumpa maskini zawadi, mrudishie nafasi yake. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, ndiyo. Lakini kumtolea mtu kile ulichomnyang'anya ni kulipa deni, na deni halina sifa.

Tena wazo hili si langu, wala si jipya. Nabii Isaya, katika sura ya 58, aliwakemea watu waliofunga huku wakiwaonea vibarua wao, akawaambia kwamba mfungo anaoupenda Mungu ni kuwafungua walioonewa na kuwagawia wenye njaa chakula. Katika karne ya pili kule Roma kiliandikwa kitabu kiitwacho Mchungaji wa Herma. Humo Mkristo anayefunga anaagizwa ale mkate na maji tu, apige hesabu ya gharama ya chakula ambacho angekula siku hiyo, na gharama hiyo ampe mjane, yatima au mtu mwenye shida. Mnaona? Wakristo wale wa kale walifunga huku wakipiga hesabu. Kwao mfungo usiokuwa na mpokeaji haukuwa umekamilika.

Tuje karibu na nyumbani. Kitui ilifanywa jimbo mwaka wa 1964, na askofu wake wa kwanza alikuwa William Dunne, mmoja wa mapadre Waailandi wa Kiltegan. Ailandi ni nchi inayoijua njaa: viazi vyao viliharibiwa na ugonjwa kuanzia 1845, na karibu watu milioni moja wakafa. Mwaka wa 1973 maaskofu wa nchi hiyo waliunda shirika la Trócaire, neno ambalo kwa lugha yao lina maana ya huruma. Tangu zamani, wakati wa Kwaresima, familia za huko huweka kisanduku cha karatasi ngumu mezani. Mtoto akijinyima peremende, senti zake huingia ndani ya kisanduku, na pesa hizo huvuka bahari kwenda kuwasaidia watu wa nchi maskini. Hapa Kenya nako maaskofu wetu huendesha Kampeni ya Kwaresima kila mwaka. Jumuiya ndogo ndogo hukutana nyumba kwa nyumba na kijitabu chake, zikifuata hatua tatu: kutazama, kuamua na kutenda. Sisi watu wa shule tumekuwa hodari wa kutazama na kuamua. Kutenda ndiko kunakotushinda.

Halafu kuna ndugu zetu Waislamu. Mwaka wa 2025 Ramadhani ilianza katika siku zile zile za majivu yetu. Mwenzangu mmoja wa bwenini, ambaye ni Mwislamu, alinieleza kwamba kabla ya sala ya Idi kila mwenye uwezo sharti atoe zaka ya fitri, yaani kipimo cha chakula kwa ajili ya maskini, na kipimo hicho hutolewa kwa kila mtu wa nyumbani, hata mtoto mchanga. Nikamwuliza, "Na mtu asipotoa?" Akanishangaa, akasema, "Si basi atakuwa amejishindisha njaa tu!" Nikanyamaza. Nilikumbuka lile pipa.

Mnaposafiri kutoka Kitui mjini kuja huku kwetu, mnaliona jiwe kubwa la Nzambani. Simulizi za wazee husema kwamba anayelizunguka mara saba hugeuka: mwanamume huwa mwanamke na mwanamke huwa mwanamume. Nahofia kwamba tumeifanya Kwaresima kuwa jiwe la Nzambani. Tunavizunguka vile vituo 14, Ijumaa baada ya Ijumaa, tukidhani kwamba kuzunguka kwenyewe kutatugeuza. Pasaka inafika na sisi ni wale wale: mwenye masengenyo yu bado na masengenyo yake, mwenye kuruka foleni ya maji angali anairuka.

Basi, kwa kuwa mkosoaji asiye na pendekezo ni debe tupu, nami nitoe langu. Katika Kwaresima ijayo, kila Alhamisi jioni, kiranja wa maakuli aweke karatasi. Anayetaka kufunga kesho yake atie alama tu, bila jina. Alama zihesabiwe na wapishi wapewe hesabu. Siku ya Ijumaa, sahani zile ambazo sisi hatutazitumia wapewe wale wenzetu wa kutwa ambao hawajalipa. Wapewe kwenye foleni ile ile, saa ile ile, chakula moto cha sufuria ile ile. Wasingojeshwe hadi mwisho, wala wasiitwe majina gwarideni. Makombo si sadaka.

Nimelizungumza jambo hili na watu kadhaa na nimepata vipingamizi vitatu. Nitavijibu kwa heshima.

Wa kwanza wanasema kwamba asiyelipa hana haki ya kula, maana shule haiendeshwi kwa huruma. Nakubali kwamba shule ina bajeti yake. Lakini sahani ninayoizungumzia imeshalipiwa na mzazi wangu. Mimi mwenyewe nimeamua nisiile. Je, shule itapata hasara gani ikiliwa na Akamba wawili badala ya nguruwe wawili?

Wa pili wananikumbusha agizo la Injili kwamba mkono wa kushoto usijue unalotenda mkono wa kulia. Nakubaliana nao mia kwa mia. Ndiyo maana nikasema alama, si majina. Kwa hakika, utaratibu wetu wa sasa ndio wenye tarumbeta. Tunapita mbele ya bwalo tukionyesha nyuso zilizokunjamana, halafu jioni tunanunua mandazi kantini kimyakimya. Mwenyezi Mungu anaiona hata kantini.

Wa tatu, na hawa ndio walionitia wasiwasi, wanasema kwamba wenzetu wa kutwa wataona haya. Hofu yao ina msingi. Yule aliyenitania kuhusu kura ana fahari yake, na susu alinifundisha kwamba maskini hataki kugeuzwa kuwa mahali pa wengine kujipatia baraka. Kwa hivyo napendekeza wao wenyewe waulizwe kwanza, kupitia kwa mwalimu wanayemwamini, na wakikataa tuheshimu neno lao. Nadhani hawatakataa ikiwa jambo lenyewe litakuwa mwethya. Wazee wetu walipochimba matuta mashambani kwa mwethya, walioitwa walifika na majembe yao, wakalima kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, na hakuna aliyeitwa mwombaji. Wenzetu wa kutwa ndio wanaotuchotea maji matangi yanapokauka, kwa kuwa ndio wanaojua visima vilipo. Tunakula jasho lao. Kuna ajabu gani wakila muthokoi wetu?

Naongeza neno moja kuhusu afya. Asilazimishwe mtu kufunga. Mwenye vidonda vya tumbo ale. Anayemeza dawa ale. Mdogo ambaye bado anakua ale na ashibe, maana sheria yenyewe haimdai. Yuko mwenye uwezo wa kufunga ulimi wake asitukane, au kumrudia mtu aliyekosana naye tangu muhula uliopita. Huo nao ni mfungo, na kwa wengine wetu ni mgumu kuliko kukosa chamcha.

Papa Fransisko, katika ujumbe wake wa Kwaresima ya 2025, alituhimiza tutembee pamoja kwa matumaini. Alifariki tarehe 21 Aprili, siku moja tu baada ya Pasaka, kwa hivyo huo ndio ujumbe wake wa mwisho wa Kwaresima kwetu. Kutembea pamoja kwa watu wa huku hakuhitaji ufafanuzi. Mtu aliyewahi kufuata punda hadi Thua alfajiri anajua kwamba msafara huenda mwendo wa yule mchovu. Anayetangulia mbio peke yake hafiki mapema, anafika peke yake.

Ijumaa ile ya pili ya Kwaresima sikukaa kungoja azimio. Nilichukua sahani yangu kama kawaida, nikatoka nayo hadi nyuma ya lile darasa, nikaketi. Nilikuwa nimebeba vijiko viwili. Yule mtani wangu aliniangalia, akauliza, "Na mfungo je?"

Nikamwambia, "Leo nimefunga nusu."

Tulikula. Hatukuzungumza mambo makubwa. Tulizungumza Hesabu na mpira. Sijui kama kanuni ya 1252 ina kifungu cha mfungo wa nusu sahani, na Padre akiniambia nilikosea nitatubu. Lakini siku hiyo pipa la nguruwe halikupata sahani yangu.

Mwenyekiti wa YCS, kiranja wa maakuli, mwalimu mlezi na wapishi wetu wapendwa, karatasi ya alama naweza kuichora mimi. Kalamu ninayo. Nangoja neno lenu.

— Mwanafunzi, Kidato cha Tatu